Lori la Kijerumani kwenye Tope la Salisbury

Jumamosi iliyopita tulikwama Salgaa. Trela ilikuwa imelala ubavu, magunia ya mahindi yametapakaa hadi mtaroni, na brekidauni moja kuukuu ilishatupa waya na kuanza kuvuta. Watu wamejaa pande zote, si mnatujua. Kijana mmoja alikuwa akiiruka ile waya, anaenda anarudi, simu mkononi, anarekodi. Nikashuka kuwapigia kelele wasogee. Tanboi wa brekidauni akanitazama, akacheka.

"Mzee, tulia. Hii waya ni ya Ujerumani."

Niliporudi garini binti yangu akaniuliza, "Baba, kwani ikikatika inafanya nini?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mamake alikuwa anasikiliza. Jibu refu liko Uingereza, kwenye uwanda wa Salisbury, miaka ile malori mapya ya MAN, ya Kijerumani, yalipoanza kuingia jeshi la Uingereza, na sisi wa REME, kikosi cha mafundi wa jeshi hilo, tunaookoa magari tukaitwa kuyajaribu.

Nasema kuyajaribu, ila msidhani tulikuwa tunachagua. Mkataba ulitiwa saini 2005, wa maelfu ya malori ya kila aina, na ya uokoaji yakiwa humo humo. Bibi harusi ameshaingia nyumbani ndipo mashemeji wanaulizwa kama wanampenda. Kazi yetu ilikuwa kuvuta, kubeba, kuchafua, kisha kujaza fomu.

Sajini wetu, tuliyemwita Staff, hakumpenda bibi harusi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye Foden, ile ya magurudumu sita yote yakisukuma, na kwake hilo ndilo lilikuwa gari la Mwingereza. Hakutaka kukumbushwa kwamba mitambo ya kunyanyulia mgongoni mwa Foden ilikuwa ya EKA, ya Waswidi, wala kwamba Foden zenyewe ziliacha kutengenezwa 2006. Tulikuwa na Mfiji mmoja msomaji sana, akamchokoza wakati wa chai: kampuni ya Wajerumani wale iliyosaini mkataba iliitwa MAN ERF, na ERF ilianzishwa 1933 na Edwin Richard Foden, mtoto wa ukoo uleule wa Foden, wa mji wa Sandbach. Kwa hiyo, Staff, hili nalo ni Foden, limepitia kwa jirani tu. Sajini akamtuma kuosha vikombe.

Lori lenyewe la MAN lilikuwa na ekseli nne, zote zinasukuma, na refu kiasi kwamba ukisimama nyuma humsikii aliye mbele. Limeundwa Vienna. Kebini ilinukia plastiki mpya, na kiti kilikunyanyua taratibu ukikikalia, anasa ambayo wenye Foden waliicheka hadharani na kuifurahia wakiwa peke yao.

Asubuhi ile walitufukia DROPS. Hayo ni malori ya Leyland DAF ya kubebea makontena na mizigo mizito. Na shehena yake ya tani 15 mgongoni, jumla inakaribia tani 32. Uwanda wa Salisbury ni chokaa tupu chini ya nyasi. Mvua ikinyesha na vifaru vikipita, inageuka tope jeupe linalonata, linaloingia hadi ndani ya soksi. Dereva aliambiwa alipeleke bondeni na aendelee kukanyaga mafuta hadi lisimame lenyewe. Lilisimama.

Sasa, kuvuta gari lililozama kuna hesabu yake, na kila aliyesomea kazi hii anaijua usingizini. Likizama kwa kina cha magurudumu, tope linakupinga kwa uzito sawa na wa gari. Likifika madigadi, mara mbili. Likifika kebini, mara tatu. Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa la nguvu za Mjerumani. Lilikuwa: hili limefika wapi?

Sajini aliangalia kwa macho akasema magurudumu. Mimi nililala kifudifudi nikaingiza mkono kando ya gurudumu la nyuma, ukazama hadi kwapani, na kule chini vidole vikagusa chuma mahali ambapo nilitarajia kugusa raba. Nikamwambia, "Staff, nyuma imefika madigadi."

"Hilo ni tope la juu tu, Kenya. Funga kapi moja."

Kapi moja maana yake waya inatoka kwenye winchi, inazunguka kapi lililofungwa kwa pingu ya chuma kwenye gari lililozama, inarudi kufungwa kwenye lori letu. Nyuzi mbili zinagawana mzigo; unapata nguvu maradufu kwa nusu ya mwendo. Tukafunga. Tukashusha sepetu za nyuma zikajikita ardhini. Watu wote wakarudishwa nyuma kuzidi urefu wa waya iliyotoka, maana ikikatika inarudi kutafuta aliyeiita. Winchi niliishika mimi.

Waya ilinyooka kutoka kwenye majani. Kisha ikaanza kutoa maji. Hili sijawahi kulisahau: waya iliyolowa ikikazwa sana inajikamua, matone yanachomoza katikati ya nyuzi za chuma, yamechanganyika na grisi, yanatiririka yakiwa meusi juu ya waya inayong'aa. Ilikuwa inatoa sauti pia, nyembamba, karibu na mluzi. Lori letu likaketi chini nyuma, sepetu zikazidi kuzama. DROPS haikusogea hata upana wa kidole. Pini ya pingu, ambayo nilikuwa nimeikaza kwa mkono wangu, niliiona ikijipanga upya kwenye tundu lake, kidogo tu, tak.

Kisha king'ora kikalia na winchi ikasimama. Mimi sikugusa kitu. Lori lilipima mzigo, likaona umezidi, likakataa.

Sajini kule mbali alikuwa bado ananionyesha kwa mkono: vuta, vuta. Nikainua mikono yote miwili aone haina kazi.

Alikuja akitembea polepole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko angekuja akikimbia. Akatazama taa nyekundu. Akasema Foden ingetoa moshi na kuvuta. Alisema waya haikatiki kwenye kipimo kilichoandikwa, inakatika mbali sana juu ya hapo, hiyo ndiyo maana ya kuweka akiba ya usalama. Na hilo ni kweli, hata mimi nalijua. Mfiji akauliza, na pingu je? Hakuna aliyejibu.

Tukalegeza, tukaongeza kapi la pili, tukachimba mbele ya kila gurudumu kwa koleo, Mfiji akiwa ndani ya tope hadi kifuani akiimba nyimbo za kanisani kwao. Ikatuchukua karibu saa nzima. Kisha tukavuta, na DROPS ikatoka na mlio wa kufyonzwa ambao ulimfanya dereva wake apige makofi. King'ora hakikulia tena.

Sajini alingoja tumalize kukunja waya. "Vitani," akasema, "hiyo saa moja mtaiomba kwa nani?"

Baadaye niliingia Helmand, Afghanistan, na lori la aina hiyohiyo, lililovalishwa silaha za kukinga mabomu ya ardhini. Hayo nitayaandika siku nyingine, au nisiyaandike. Niseme tu kwamba kuna siku niliikumbuka ile saa nikatamani Foden, na kuna siku nilimwona askari kijana amesimama pale pasiposimamwa, waya imekaza, nikashukuru kwamba kuna kitu hapo kisichotii amri ya mwenye haraka. Kama pini ile ya Salisbury ingeshika au isingeshika, hakuna anayejua. Hatukuijaribu.

Jioni ile tulipewa fomu. Swali mojawapo liliuliza kama mfumo wa tahadhari ulisaidia kazi au uliizuia, na visanduku viwili. Sajini alichora alama ya kuzuia hadi kalamu ikatoboa karatasi. Mfiji alitia alama kote kuwili. Mimi niliacha visanduku vitupu nikaandika pembeni, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, habari za mkono kufika kwapani, na maji kutoka kwenye waya, na saa nzima ya kuchimba.

Afisa aliyekusanya karatasi alikuwa kijana mpole, mwenye miwani. Aliisoma yangu mara mbili, akaniuliza hii sasa aihesabu upande gani.

Nikamwambia aiweke palipo na nafasi.