Nilivyokabidhi kengele ya moto ya bweni, Tabora

Nilipofika Tabora mkandarasi alikuwa ameshafunga kila kitu. Taa ya kijani inawaka kwenye paneli, na uongozi wa shule ulitaka hati isainiwe upesi. Mimi sisaini kengele ya bweni kwa sababu ya taa ya kijani. Wanaolala mle ni watoto wa watu.

Nilifurahi kukuta vifuniko vya plastiki bado viko kwenye vitambua moshi. Kiangazi cha Tabora kina vumbi, na vumbi likiingia ndani ya kitambua moshi kinaanza kulia pasipo moto. Kengele inayolia ovyo huishia kuzimwa na watu waliochoka nayo. Nyaya tulizipima kwa mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja, vifaa vikiwa vimechomolewa, maana volti 500 za mega huviunguza. Kisha tukapulizia kila kitambuzi moshi wa kopo, bila kuruka hata kimoja. Cha jikoni ni cha joto, kwa kuwa wanapikia kuni, hivyo hicho tulikipasha hewa ya moto. Mwenzangu alikaa kwenye paneli akinisomea kwa simu mahali panapotajwa. Palipoandikwa namba tu ya chumba niliagiza paandikwe kama wanavyopaita wenyewe: bweni la juu, karibu na bafu.

Kazi kubwa ilikuwa betri. Kiwango cha Uingereza tulichokifuata, BS 5839, kinataka umeme ukikatika mfumo ukae macho saa 24, kisha uweze kulia nusu saa. Paneli ilikuwa ikila ampea 0.25 ikiwa kimya na 1.2 ikilia. Zidisha kwa saa 24 na kwa nusu saa: hiyo ni saa za ampea 6 kujumlisha 0.6, na ukiongeza robo kwa ajili ya betri kuzeeka unapita 8. Betri zilizofungwa zilikuwa mbili za saa za ampea 7. Fundi wa pale akasema mbili zinafanya 14. Hapana: zimeungwa mfululizo ili kupata volti 24, saa za ampea zinabaki 7. Zikaletwa za 12, tukazima meni swichi, na kesho yake saa ileile tukabonyeza kitufe cha kengele. Ikalia nusu saa nzima.

Sauti tuliipima jioni, wasichana wakiwa prepo. Koridoni ilikuwa kali mno. Lakini nilipoweka mita juu ya mto, mlango umefungwa, ilisoma desibeli 66, na mtu aliyelala anahitaji 75. Ving'ora vikaongezwa ndani ya vyumba.

Makabidhiano niliyafanya na matroni na mlinzi wa usiku, kwa kuwa ndio watakaokuwepo.

"Shikamoo mzee. Leo utabonyeza wewe."

"Marahaba mwanangu. Nikikosea?"

"Tutarudia."

Tulirudia mpaka mikono ikazoea. Taa ya njano ni hitilafu, mwite fundi. Nyekundu ni moto: watoto watoke kwanza, piga 114, na kengele isinyamazishwe mpaka watoto wamehesabiwa. Matroni akataka ajue pia namna ya kujaza daftari, basi tukakubaliana kila wiki, siku ileile, wajaribu kitufe kimoja, wiki inayofuata kingine, na waandike.

Stoo mpya ya magodoro ilijengwa baada ya ramani, haina kitambuzi. Nililiandika hilo kwenye hati, juu ya sahihi yangu, na mkuu wa shule akasaini chini yake akijua.