Melanomakrofaji za sato: ninavyozitayarisha, kuzitambua na kuzihesabu

Kipande chembamba cha bandama la sato aliyekomaa, kikiwekwa chini ya hadubini, huonyesha mafungu ya seli za kahawia, za manjano, na hata nyeusi tii. Hizo ndizo melanomakrofaji, seli za kinga zinazomeza chembe nyekundu za damu zilizochakaa, vimelea na mabaki ya seli zilizokufa, halafu zinabaki na rangi za kile kilichomezwa. Ziko kwenye bandama, figo na ini. Kwa sato hujikusanya na kufanya vituo vya mviringo. Kwa samaki wa jamii ya salmoni hutawanyika, kwa hiyo njia ya kuhesabu vituo ninayoieleza hapa haiwafai.

Wengi hukimbilia kusema vituo vingi maana yake maji ni machafu. Mimi siandiki hivyo mpaka nijue umri wa samaki, alikula nini na alikuwa mgonjwa wa nini, kwa sababu uzee, njaa na maambukizi huviongeza vilevile.

Samaki nawachukua wakiwa hai. Wa sokoni aliyekwisha lala juani simgusi, maana figo na ini huanza kuoza mapema mno kwenye joto letu. Kuwalaza natumia mafuta ya karafuu. Hayachanganyiki na maji yakimiminwa peke yake, kwa hiyo kwanza nayayeyusha kwenye ethanoli, sehemu 1 ya mafuta kwa 9 za ethanoli, kisha natia mililita 10 za mchanganyiko huo kwenye lita 10 za maji. Mashavu yakiacha kupumua nasubiri dakika 10 zaidi, ndipo nakata uti wa mgongo nyuma ya kichwa.

Napima urefu, uzito na jinsia kabla ya kupasua. Bandama ni kijipande chekundu cheusi kilichojificha kati ya matumbo. Nyongo isipasuke: kijani chake hulichafua ini na baadaye utakihangaikia kana kwamba ni pigimenti, yaani rangi ya ndani ya seli. Vipande visizidi unene wa milimita 5, na fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa nyama.

Hapo kwenye fomalini ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fomalini isiyo na bafa, yaani chumvi za kuizuia isigeuke asidi, huwa asidi, na asidi ikikutana na damu hutengeneza vumbi la kahawia linalofanana na pigimenti ya samaki. Bandama limejaa damu, basi fikiria mwenyewe. Bafa yangu kwa lita 1 ni fomalini ya dukani mililita 100, maji mililita 900, sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili gramu 4, na ile yenye haidrojeni moja, isiyo na maji, gramu 6.5. Nyama inakaa humo saa 24 hadi 48, kisha inahamia kwenye ethanoli ya asilimia 70. Dawa ya Bouin, nyingine ya kuhifadhi nyama, siitumii kwa kazi hii kwa kuwa asidi yake hunyang'anya chuma cha damu ninachokitafuta ndani ya vituo. Kwa sababu hiyohiyo vifaranga vizima vilivyolainishwa mifupa kwa asidi havitoi jibu la kuaminika.

Baada ya ethanoli, zailini (ya kuondoa ethanoli) na nta (ya kushikilia nyama), nakata unene wa maikromita 5. Bandama hupasukapasuka kwenye kisu kwa ajili ya ile damu. Dawa yake ni kulaza uso wa bloku ya nta kwenye maji ya barafu dakika chache kabla ya kukata. Kati ya kipande kimoja cha kuhesabiwa na kinachofuata natupa vipande 40, yaani maikromita 200, nisije nikahesabu kituo kilekile mara mbili.

Slaidi ya kwanza ni ya hematoksilini na eosini, rangi za kawaida za kuonyesha seli. Inaonyesha kituo kiko wapi, lakini rangi zenyewe hazitenganishwi kwa macho. Za kuzingatia ni tatu: himosiderini (chuma kutoka kwenye damu), lipofusini (mabaki ya mafuta yaliyooksidika) na melanini (rangi nyeusi).

Kwa chuma natumia rangi ya Perls. Potasiamu ferosianidi ya asilimia 2 na asidi ya haidrokloriki ya asilimia 2 nazichanganya kiasi sawa, pale pale ninapotaka kutumia, maana mchanganyiko uliolala huwa wa bluu wenyewe. Slaidi zinakaa dakika 20, zinasuuzwa, halafu naongeza rangi nyekundu ya viini kwa dakika 5. Himosiderini inatoka bluu kali. Ukiona bluu imetapakaa hata nje ya nyama, shuku koleo lenye kutu au maji ya bomba. Wanaotumia maji ya betri badala ya maji yaliyochujwa kwa mvuke wasome chupa vizuri: nyingine zina asidi ndani yake.

Melanini naipima kwa kuiondoa. Slaidi nyingine inaingia kwenye potasiamu pamanganeti ya asilimia 0.25 kwa dakika 15 hivi, kisha asidi ya oksaliki mpaka ule ukahawia wa dawa utoke. Kilichokuwa cheusi kikipauka, kilikuwa melanini. Vipande hupenda kubanduka hapa, kwa hiyo natumia slaidi zenye gundi. Lipofusini huonekana ikimeta manjano kwenye mwanga wa urujuanimno bila kutiwa rangi yoyote. Ikiwa nyingi, nakwenda kuangalia stoo ya chakula kwanza: dagaa waliochacha, mafuta yao yameoksidika na vitamini E imekwisha, hujaza vituo rangi hiyo.

Usichanganye kituo na granuloma, fundo la uvimbe linalotokana na ugonjwa. Granuloma ina matabaka ya seli yaliyozunguka kiini kilichokufa. Kituo cha kawaida hakina kiini cha namna hiyo. Nikiwa na shaka natia rangi ya Ziehl-Neelsen, inayotafuta bakteria wa jamii ya kifua kikuu, na nyekundu naiamini pale tu ninapoona vijiti vya bakteria, kwa kuwa lipofusini iliyokomaa nayo hushika wekundu kidogo, ila huo huwa umetandaa bila umbo.

Kuhesabu kunahitaji kujua eneo unalolitazama. Lenzi ya macho yenye namba ya uwanja 20 (upana wa uwanja kwa milimita, si ukuzaji) ikiunganishwa na lenzi ya chini ya mara 20 inatoa duara la kipenyo cha milimita 1, yaani milimita za mraba 0.785. Vituo 26 humo ni kama 33 kwa milimita ya mraba. Nahesabu kuanzia seli tatu zinazogusana. Zilizo pweke siziingizi. Jina la bwawa nalifunika kwa karatasi, na maduara nayachagua kwa kuruka hatua sawasawa kutoka ukingoni, nisivutwe na sehemu yenye weusi mwingi.

Idadi peke yake hudanganya, kwani vituo vikikua huungana na hesabu hushuka huku pigimenti ikipanda. Kwa hiyo naongeza eneo: gridi ya nukta 100 kwenye lenzi, nukta 7 zikiangukia kwenye vituo, hiyo ni asilimia 7.

Kuna kipimo cha vituo 40 kwa milimita ya mraba ya bandama, kikizidi huchukuliwa kuwa dalili ya mazingira mabovu, kilichopendekezwa Marekani mwaka 2001 kwa samaki wa milango ya mito ya huko. Nimeona watu wakikibandika kwa sato wa bwawani. Mimi nalinganisha sato na sato, urefu sawa, msimu mmoja, na kundi la bwawa safi linalokula chakula kilekile.