Sheria za saluni: anza na chanuo

Sheria ya "kuwa msafi" haimsaidii msusi, mwandikie hatua. Chanuo likimaliza kichwa kimoja, litolewe nywele na kuoshwa kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu na mafuta hudhoofisha klorini iliyomo kwenye jiki. Kisha lilowekwe dakika 10 katika jiki ya 3.5%, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, na lisuuzwe. Mchanganyiko ubadilishwe kila siku. Mkasi ukizidishiwa muda humo utapata kutu. Wembe ni wa mteja mmoja, basi.

Dawa ya kulainisha nywele ndiyo huleta ugomvi. Kabla ya kufungua kopo, msusi aulize: umejikuna leo? Umefumua lini? Ngozi yenye mikwaruzo huungua, kwa hiyo mteja huyo apangiwe siku nyingine, hata akibembeleza. Vazelini ipakwe kwenye kingo za nywele na masikio, glavu zivaliwe, na muda ufuatwe wa kopo, si wa mazoea.

Simu ikae mfukoni mikono ikiwa kichwani mwa mtu. Kamisheni ya msusi iandikwe daftarini jioni ileile, yeye na mwenye saluni wasaini. Ya kukumbuka kwa kichwa huishia kununiana.