Biskuti za asali zilizokuwa zinaniungulia chini

Mara tatu mfululizo biskuti zangu za asali zilitoka kwenye oveni zimetandaa kama chapati, chini nyeusi, katikati mbichi. Mume wangu alikula mbili kwa adabu, ya tatu akawatupia kuku.

Kosa langu: nilitoa sukari nikaweka asali, kikombe kwa kikombe. Asali ina maji, karibu asilimia 18, na sukari zake huwahi kuiva rangi kuliko sukari ya dukani. Donge likawa laini mno, na moto wa nyuzi 180 ukawa mkali kwake.

Sasa kwa unga wa ngano gramu 250 natia siagi gramu 100, asali gramu 120 (napenda ile nyeusi ya Tabora, yenye harufu ya moshi kidogo), kiini tu cha yai moja, chumvi chembe, na bekingi soda robo kijiko cha chai, maana asali ina uchachu. Donge linakaa kwenye friji saa nzima. Zamani lilikuwa linaning'ang'ania vidoleni hadi ndani ya pete. Likishapoa linaviringika bila ugomvi. Moto nyuzi 160, dakika 12 hadi 14.

Zikitoka, ukizibonyeza bado zinabonyea. Usizirudishe! Ziache kwenye trei dakika 10, zitakaza zenyewe. Kesho yake hulainika tena kwa kuwa asali huvuta unyevu wa hewani, hivyo nazifungia kwenye kopo lenye mfuniko. Kwangu lakini ni nadra zifike hiyo kesho.