Kilo moja iliyojificha kwenye faili

Mjomba alinipigia Jumamosi asubuhi, nikiwa bado kitandani hapa Nkuhungu. Ghalani kwake Kibaigwa wakulima wa alizeti walikuwa wamegoma kushusha mzigo. Kompyuta inawaibia, walisema. Programu yake ya mizani aliandikiwa zamani na kijana aliyeshahamia Dar, lakini ukishasomea kompyuta, ukoo mzima unajua kila kompyuta ni yako.

Nilipofika niliona wana haki. Programu ilikata kilo moja kwa kila gunia, fidia ya gunia lenyewe. Enzi za magunia ya katani ilikuwa sawa. Siku hizi mzigo unakuja kwenye viroba: tulipima kumi vitupu kwa pamoja, vikatoa kilo 1.2.

"Si uifungue ubadilishe?"

Nikaifungua mbele yake. Vikorokoro vitupu. Kilichokuwa pale ni programu iliyokwisha kugeuzwa na kompaila, programu ya kutafsiri, kuwa amri za prosesa, ubongo wa kompyuta. Msimbo chanzo, yaani maandishi aliyoyaandika yule kijana mwenyewe, haukuwepo. Ni kama sembe, nikamwambia: utaipika, hutaipanda. (Wapo mafundi wa kuichokonoa ikarudi nusunusu. Mimi simo.)

"Inatakiwa kodi yake, Mjomba." Ndivyo tunavyouita msimbo sisi.

"Kodi gani tena? Nimelipa juzi!"

Kijana alipatikana kwa simu. Flashi yenye msimbo ilikuwa kwa mama yake, Ipagala. Nilimwomba anitumie na ujumbe wa kuniruhusu kubadilisha, maana kazi ni yake. Kuuona msimbo wa mtu si kupewa. Akacheka, akatuma. Wengine hawana bahati hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko chuo cha MIT, Marekani, mwandishi wa programu Richard Stallman alitaka printa ya Xerox iwaarifu watu karatasi zikikwama. Akanyimwa msimbo wake. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma na kuzirekebisha.

Kwenye flashi, kati ya mistari mia kadhaa, tatizo lilikuwa hili:

halisi = uzito - magunia * 1.0; // gunia la katani

Maneno yaliyo baada ya mikwaju miwili ni ya binadamu, kompaila huyaruka. Kijana alikuwa ameandika sababu yake wazi kabisa, mahali ambapo hakuna mkulima angeiona. Nikaweka 0.12, nikakompaili upya, nikanakili faili jipya. Dakika tano, baada ya siku nzima ya kufukuzia flashi.

Mzee mmoja hakutaka kusikia "tumerekebisha". Akaomba kuuona mstari. Akaweka kidole kwenye skrini.

"Na hiki kinyota?"

"Ni mara, mzee."

"Mimi nina viroba kumi na saba."

Akaomba kalamu, akapiga hesabu nyuma ya risiti ya bodaboda. Kilo mbili na kidogo. Akaikunja risiti, akaitia mfukoni, kisha akawapungia vijana washushe.