Nyumba, Mtumbwi na Usiku 1,200

Baada ya kuuza dagaa kwa miaka mingi katika Mwalo wa Kirumba, mahali wavuvi wanaposhusha samaki jijini Mwanza, nilikaribia kuweka hati ya nyumba yangu dhamana ili nipate mkopo wa kununua mtumbwi, mashine, nyavu na taa. Hesabu ya faida ilinivutia sana. Nilipomwuliza mvuvi mmoja mzee kuhusu dhoruba, alinijibu, “Mwanangu, nimevua miaka thelathini, sijazama hata mara moja.” Jibu hilo lilinituliza kwa siku mbili, kisha likaninyima usingizi, kwa sababu waliozama hawapo mwaloni tukawauliza.

Nilikulia Igoma, walikozikwa wengi waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilikuwa ikisafiri tangu mwaka 1979, na kila ilipofika salama, watu walizidi kuamini kwamba safari ijayo nayo itafika.

Nikachukua daftari. Wavuvi wa dagaa huvuta samaki kwa taa gizani, hivyo hupumzika wakati wa mbalamwezi; kwa sababu hiyo nilikadiria usiku 20 wa kazi kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka, na 1,200 kwa miaka 5 ya mkopo. Nilijiwekea kwamba chombo kinaweza kupotea usiku mmoja kati ya 1,000, na hilo ni kadirio langu tu. Kwa usiku mmoja, hatari hiyo haimzuii mtu kulala. Kwa usiku 1,200, uwezekano wa kupatwa angalau mara moja unafika takriban asilimia 70.

Hata hivyo, kilichoniamulia ni swali la nini kingebaki. Dagaa wakishuka bei, ningejibana mwaka mmoja nikainuka. Mtumbwi ukizama, ningekosa chombo na nyumba kwa pamoja, na baya zaidi, ningebeba msiba wa familia nne za wavuvi, deni lisilolipika kwa fedha yoyote.

Sikuiweka hati. Niliungana na wenzangu wawili, kila mmoja akatoa akiba yake, nami nikamiliki theluthi. Maboya ya kuvaa tuliyanunua kabla ya taa, tukakubaliana kwamba nahodha akiona dalili ya dhoruba arudi bila kuulizwa gharama ya mafuta. Kaka yangu bado anaona nilipoteza bahati, na ni kweli kwamba faida yangu ni ndogo.

Mwezi uliopita nahodha alirudi mara mbili mikono mitupu. Tuligawana hasara ya mafuta, na asubuhi zote mbili wavuvi wote wanne walikuwa mwaloni wakitengeneza nyavu.