Kofia za viua kutoka Wete: kumbukumbu ya duka langu la simuni

Rajabu

Duka halina mlango wala fremu. Lina simu moja, akaunti ya Instagram, namba ya WhatsApp Business, na kinamama wa mtaani kwetu Wete, kisiwani Pemba, wanaoshona kofia wakishamaliza shughuli za nyumbani. Mama mkubwa ndiye anayewaongoza, ingawa akinisikia nasema hivyo atakataa.

Ninachotaka ni kofia itoke kwa mshonaji imfikie mvaaji bila kupita mikono mingi. Kabla ya Sikukuu wachuuzi huzunguka Pemba nzima, hununua kwa bei ya mwenye shida, na kofia hiyohiyo ukiikuta sokoni Darajani, Unguja, bei yake huwezi kuiamini. Siwalaumu sana. Nauli ya boti wanalipa wao, na isiyouzika inabaki mikononi mwao. Lakini aliyekaa na sindano mwezi mzima ndiye anayepata kidogo kuliko wote, na hilo halijanikaa sawa tangu nikiwa mtoto.

Kwa asiyezijua: kofia ya viua ni nguo nyeupe mbili zilizopandishwa pamoja. Nakshi huchorwa kwa penseli, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono mpaka ukingo wake ukae imara. Vitundu hivyo ndivyo viua. Duara la juu hushonwa peke yake, na ukanda unaozunguka kichwa peke yake, mwisho huungwa. Kazi nyepesi huisha ndani ya wiki chache. Kazi nzito, ile ambayo huoni mahali pa kuweka ncha ya kidole pasipo na nakshi, inakula miezi.

Na hapo ndipo ulipo ugumu wote wa mradi huu. Mtandao unataka kitu kipya kila asubuhi, na kofia haina haraka hiyo. Nikisubiri kofia ziishe ndipo nipige picha, ukurasa utalala.

Kwa hiyo nimeamua kuonyesha kazi ikiwa bado inaendelea: mstari wa penseli leo, safu ya kwanza ya viua keshokutwa, duara likiungwa wiki ijayo. Nilimwomba ruhusa mama mkubwa. Alizungumza na wenzake, akarudi na sharti: "Mikono piga utakavyo, mwanangu. Nyuso tuachie wenyewe." Basi ndivyo ilivyo, katika video zetu ni mikono tu, na hina ikiwapo ni bora zaidi. Kuna aliyenishauri kwamba bila sura watu hawanunui. Mimi naona mikono ile inasema yote.

Picha zimenichukulia muda kuliko nilivyodhani. Kitu cheupe kinaidanganya kamera ya simu: inaona mwanga mwingi, inaufifisha, na kofia inatoka na rangi ya majivu. Dawa ni kugusa kofia kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, kisha kuuvuta mwanga juu kidogo. Chini naweka kitambaa cha kijani kibichi au cheusi. Napiga asubuhi karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, kwa sababu ukitokea mbele nakshi inalala na huoni unene wa uzi. Picha ya mwisho ya kila kofia naipiga nimeiinua dhidi ya dirisha, mwanga upenye kwenye viua. Hapo kazi ya mkono hujionyesha yenyewe, na mjuzi akiiona picha hiyo haulizi tena kama ni kazi ya mkono.

Shaabani

Maulizo yameanza, na karibu yote ni mawili: "bei?" na "ipo saizi yangu?"

La bei nimelimaliza kwa kuandika bei chini ya kila picha. Najua desturi ya wengi ni "bei njoo inboksi". Naichukia. Mteja anahisi unampima mfuko kwanza, na wewe unashinda siku nzima ukiandika jibu lilelile. Bei ikiwa wazi, wanaokuja inboksi ni wale walioikubali, au wale wa "bei ya mwisho?", ambao hata ungegawa bure wangeuliza hivyohivyo.

La saizi ni kubwa zaidi. Kofia si fulana. Ikizidi nusu inchi inashuka machoni, ikipungua inakaa utosini na mtu anaonekana kaazima. Nimetengeneza video fupi ya kupima: utepe unapita juu kidogo ya masikio, katikati ya paji la uso, unarudi nyuma pale kichwa kilipojaa. Asiye na utepe achukue uzi, kisha aupime kwenye rula. Walio ughaibuni wananitumia sentimita, nami nagawa kwa 2.54, sentimita 56 ni inchi 22 ya kawaida.

Mteja mmoja wa Muscat aliniandikia anataka saizi 11. Nikajiuliza ni kofia ya mwanasesere? Kumbe anaikunja kofia yake ya zamani bapa juu ya meza na kupima ubavu kwa ubavu, ambayo ni nusu ya mzunguko. Yake ni 22 kamili. Tangu hapo namwomba kila mtu picha ya utepe ukiwa kichwani, hata akiapa kwamba anaijua saizi yake. Wateja wa Oman wanaijua kofia vizuri, kule wanaiita kumma, na wanasogeza picha mpaka wahesabu viua. Ni wagumu, lakini akiridhika mmoja anakuletea ukoo mzima.

Malipo ni arubuni nusu, nusu nyingine kofia ikiwa tayari. Bila arubuni sindano haishikwi. Meseji ya muamala nayo siiamini kwa kuitazama tu, kwani za kubuni zimejaa na nyingine zimeandikwa vizuri kuliko za kweli. Nafungua salio mwenyewe ndipo naandika "nimepokea, ahsante".

Ramadhani

Nimefunga maagizo ya kazi nzito kabla mwezi haujaandama. Zilizobaki ni kofia zilizo tayari na kazi nyepesi.

Niliyoyaona mpaka sasa: Instagram ni dirisha la duka, WhatsApp ndiyo kaunta. Mtu anatufahamu kule, anatazama kimya kimya siku nyingi, halafu ananunua huku, aghalabu baada ya kuona stetasi. Stetasi inakaa saa 24 tu, na kwa kitu cha pekee hilo linafaa, kwa sababu kofia ya nakshi ile ipo moja na ikiondoka imeondoka. Naweka baada ya tarawehe, watu wakiwa wamefuturu na simu ziko mkononi. Mchana wa kufunga hakuna anayejibu, na mimi mwenyewe sina nguvu za kuandika. TikTok inaleta watazamaji wengi na maswali ya ajabu. Kuna aliyeuliza kama tunaweza kushona nembo ya timu yake. Mama mkubwa alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Mwenye duka mmoja wa Unguja alitaka dazeni kwa mali kauli, alipe Sikukuu ikipita. Wengi hapa wanafanya biashara hivyo na inakwenda. Nilipomfikishia mama mkubwa, alijibu bila kuinua kichwa: "Kauli haipiki futari." Nikamwambia yule bwana kwa adabu kwamba safari hii haitowezekana.

Usafirishaji ni sehemu rahisi kuliko zote. Kofia inakunjika bapa na haina uzito. Ya Unguja inapanda boti, na mteja anaipokea bandarini Malindi au namkabidhi kijana wa bodaboda amfikishie. Ya Dar inaendelea na boti nyingine. Ya nje inakwenda kwa Posta, au kwa msafiri mwenye nafasi kwenye begi. Ndani ya kila bahasha naweka karatasi ya namna ya kufua: kwa mkono, wanga mwepesi, kisha ikaushwe ikiwa imevaa faroma, yaani kile kigogo chenye umbo la kichwa, na asiye na faroma atafute kopo au sufuria yenye mzunguko wa kichwa chake. Ukiianika hivihivi inarudi, na lawama itakuja kwangu.

Mfungo mosi (mwezi unaofuata Ramadhani)

Kimya. Sikukuu imepita mwishoni mwa Machi na hakuna anayetaka kofia. Tunashona za akiba.

Mfungo tatu

Harusi zimeanza. Bwana harusi hununua moja nzito yake na nyepesi kadhaa za wapambe, wote saizi mbalimbali, wote wanataka siku ileile. Nimeanza kudai vipimo vya watu wote vije kwa pamoja katika ujumbe mmoja. Vikija kimoja kimoja, siandiki kitu kwenye daftari.

Mfungo sita

Maulidi yameuza vizuri, hasa kofia za watoto, ambazo mwanzoni sikuzifikiria kabisa. Ni ndogo, zinaisha haraka, na mzazi habishani bei kama anavyobishana yake.

Karafuu nazo zimeiva, na hilo linagusa kila kitu. Kinamama wawili katika wanne wameweka kofia pembeni wanachambua karafuu, pesa ya jioni ileile. Siwezi kuwazuia wala sitaki. Faida yake ni kwamba karafuu zikipata, Pemba inakuwa na fedha, na wanaonunua kofia wanakuwa jirani zetu wenyewe. Wateja wa mbali nimewaandikia wazi kwamba kipindi hiki agizo jipya litachelewa. Wachache walirudishiwa arubuni zao, wengi wamesema watasubiri. Wapo pia walioniuliza kama naweza kuwauzia karafuu kavu kwa kilo. Hapana. Kununua karafuu kwa mkulima ni kazi ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa mujibu wa sheria, na mimi nauza kofia.

Malipo ya washonaji tumeyapanga upya. Kila kofia ina kijikaratasi kinachoonyesha nani kachora, nani kashona viua, nani kaunga, na bei inagawanywa mbele yao siku kofia inapolipwa. Bando, nauli na makato ya kutolea vinatoka kwenye fungu langu. Nimebaki na kidogo kuliko nilivyopigia hesabu, lakini yule wa viua sasa anapata zaidi ya alivyokuwa akipewa na mchuuzi, na ameanza kukataa kuuza mlangoni.

Ramadhani ijayo itasogea nyuma siku kumi na moja hivi, iingie katikati ya Februari 2026. Kofia nzito za Sikukuu hiyo zinachorwa sasa. Orodha iko wazi, saizi 22 na 22 na nusu ndizo zinazokwisha kwanza, na mwenye kichwa cha 23 kwenda juu aniandikie mapema kwa sababu duara lake linachorwa peke yake. Picha ya utepe kichwani ni lazima.